Mlango wa Behewa la Tatu

Laker alikuwa mjane wa polisi, akiishi Luzira na kufanya usafi katika ofisi moja mjini. Kila asubuhi alipanda treni pamoja na jirani yake Blandine, Mkongo aliyekimbia vita vya Beni, ambaye sasa alikuwa msusi hodari katika saluni iliyo karibu na stesheni kuu. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja na cha kwao, wakicheka pale kilipowapiga chenga.

Mwaka uliotangulia, mabehewa yalikuwa yamepelekwa matengenezo. Yaliporudi yakiwa na rangi mpya, abiria walifurahi. Furaha haikudumu. Rangi ilibanduka, viti vikapasuka, na mlango wa kuteleza wa behewa la tatu ukawa haushiki komeo. Kila treni ilipofunga breki, ulijiendea wenyewe. Abiria walilalamika mpaka wakachoka. Kondakta aliufunga kwa kamba, na kamba ikakatika.

Siku hiyo, walipokaribia Namuwongo, mtu alivuka reli na mkokoteni. Dereva alifunga breki ghafla. Blandine, aliyekuwa amesimama, alishika kizingiti asianguke. Mlango ukaja kwa uzito wake wote, ukambana vidole vya mkono wa kulia. Laker alisikia kabla ya kuona. Alivua leso yake, akaufunga ule mkono, na mpaka wanafika mjini leso ilikuwa imelowa chapachapa.

Mwenye saluni, Monique, alikuja mbio na kumchukua Blandine kwa boda hadi hospitali. Laker alitaka kuwafuata. Badala yake alirudi ndani ya behewa na kuketi. Kondakta alipomwambia treni inageuza, ashuke, alijibu kwamba hashuki. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni akageuka naye akaketi. Kisha wengine. Treni ikakwama hapo hapo, jua likipanda.

Hatimaye akaja Bwana Marjan, mkuu wa manunuzi wa shirika la reli, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alitoa pole. Alieleza kwamba zabuni ya matengenezo ilitangazwa, kampuni zikaomba, na wakaguzi wa hesabu wangewashukia kama wangemwacha mwenye bei nafuu.

"Mama, tulifuata sheria," alisema. "Aliyetaja bei ya chini ndiye tuliyempa kazi."

"Na mlango mliujaribu?"

"Ulikaguliwa."

"Wewe umewahi kupanda treni hii?"

Marjan alisema yeye ana gari la ofisi.

"Basi leo panda," Laker alimwambia. "Twende Luzira na kurudi. Simama pale, ushike pale aliposhika Blandine."

Marjan alipatazama. Damu ilikuwa haijafutwa. Alisema hakuja kufanyiwa mchezo, akashuka na kuita polisi.

Aliyetumwa alikuwa Afande Odoch, aliyefanya kazi na marehemu mume wa Laker kule Naguru. Alichuchumaa mbele yake. "Shemeji, shuka. Usinifanye nikubebe kama mwizi." Laker alishuka kwa ajili yake. Hasira hazikushuka.

Blandine alikatwa vidole viwili. Juma lile lile shirika lilisimamisha treni mpaka mabehewa yatengenezwe upya. Sasa watu wa Luzira waliamka gizani kutafuta usafiri, na baadhi yao walimwambia Laker usoni kwamba ni yeye aliyewaondolea treni. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Marjan. Mlango uliotafuna mkono wa mtu haukuwa na mwenyewe, lakini yeye aliyeuliza ndiye mwenye kosa.

Zabuni mpya ilipotangazwa, ilisemwa kwamba bahasha za bei zitafunguliwa hadharani. Laker aliomba ruhusa kazini, akamchukua Blandine, wakaenda wakaketi safu ya mbele. Wenye kampuni waliwatazama, kisha wakatazama simu zao. Marjan alisoma bei moja baada ya nyingine. Ya chini kabisa kufikia hapo ilikuwa ya kampuni ile ile iliyoyatengeneza mabehewa mara ya kwanza.

Laker alisimama, akauliza nani atakayeujaribu mlango safari hii, na kwa mkono wa nani. Marjan alisema swali hilo halimo katika shughuli ya siku ile, tafadhali aketi.

"Mimi nilikuwa naenda kazini tu," Blandine alisema kwa sauti ndogo, akauweka mkono wenye bendeji juu ya meza, kando ya bahasha.

Marjan aliendelea kusoma, macho yakiwa kwenye karatasi. Laker hakuketi. Alisimama mpaka bahasha ya mwisho.

Kazi walipewa wale wale.