Boya la Tatu

Bahari ilikuwa imetulia mno asubuhi ile, na hilo ndilo lililomkosesha raha mhandisi.

Alisimama ndani ya kontena waliloligeuza ofisi, mwisho wa gati. Nje mawimbi yalikuwa laini, yasiyomtisha hata mtoto. Lakini yalikuja yakiachana sana. Huko mbali kabisa dhoruba ilikuwa imevuruga maji, na mabaki yake ndiyo yaliyokuwa yakiwasili sasa, polepole, bila povu.

Maboya matatu aliyoyabuni yalielea mbele ya bandari, kila moja kubwa kama chumba cha kulala. Wimbi likiliinua boya, jenereta iliyomo ndani inazunguka, na umeme unapita kwenye kebo hadi nchi kavu. Jenereta hiyohiyo ndiyo breki. Ukichomoa kebo, boya linabaki kama bembea: likisukumwa kwa mwendo linaoupenda, linazidi kupanda. Hapo kinachobaki kulishika ni komeo la chuma tu.

Na kebo ya boya la tatu ilikuwa imechomolewa. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa chini ya maji akibadilisha kiungio kilichooza. Gatini wote walimwita Pweza, maana akiwa kazini ungeapa ana mikono minane.

"Shemeji," sauti yake ilikwaruza redioni, "hili boya lako linaguna."

"Linagunaje?"

"Kama mzee anayeinuka kitini. Kisha kimya. Kisha tena."

Meneja, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, akacheka. Mhandisi alitazama skrini. Taa ya komeo ilikuwa ya kijani, yaani limefungwa. Akachukua darubini. Maboya mawili ya kwanza yalipanda na kushuka kwa adabu. La tatu, kana kwamba mawimbi yale yamepata mwendo wake, lilizama zaidi kila liliposhuka.

"Mwambie atoke," alimwambia meneja.

"Si limefungwa?"

"Taa ndiyo inayosema hivyo. Nadhani komeo limekatika."

"Unadhani! Bahari yenyewe imelala, nusu ya mji iko gizani tangu jana, naye amebakiza bolti mbili."

Mhandisi alishika redio mwenyewe.

"Shemeji, panda juu. Sasa hivi."

"Bolti mbili tu, jamani."

"Ziache. Na usipite upande wa mnyororo wa nanga."

"Dada yako akisikia nimekimbia kazi, nitalala nje."

"Nitaongea naye mimi. Toka!"

Pumzi zake zilisikika, nzito. Kisha akasema, bila mzaha, "Mnyororo unalegea na kukaza. Natoka."

Boya likapanda. Lilipanda mpaka tumbo lake lililojaa ukoga likaonekana, likaanguka, na sakafu ya kontena ikatetemeka. Wimbi lililofuata halikuwa kubwa kuliko lile, lakini boya lilipanda juu zaidi. Kisha ukasikika mlio mmoja mkavu, na redio ikanyamaza.

"Pweza," aliita. Akaita, "Shemeji." Mwisho akaita jina lake la nyumbani, ambalo hulitumia mkewe peke yake. Taa ya komeo bado ilikuwa ya kijani.

Watu wa boti iliyompeleka ndio waliomwona, ameibuka nyuma yao bila barakoa yake ya kuzamia, mkono mmoja unaning'inia. Ncha ya mnyororo uliokatika ilikuwa imemvunja bega.

"Nimebakiza mikono saba," alimwambia mkewe hospitalini. Dada mtu hakucheka. Alimkumbatia mhandisi, mdogo wake, kwa nguvu, kisha akamwambia, "Usimrudishe tena chini ya hivyo vitu."

Siku hiyohiyo maboya mawili yalivutwa bandarini. Makomeo yao yalipofunguliwa yalikutwa na nyufa mahali palepale, chini ya rangi. Meneja alipitisha kidole kwenye kila ufa. Mhandisi alirudi mezani kuchora upya, na moja ya sheria zake mpya ilikuwa kwamba hakuna mtu atakayezamia chini ya boya lililochomolewa kebo.

Boya la tatu halikuonekana. Lilikuwa limekwenda na mkondo, taa zake zimezimika. Siku chache baadaye nahodha wa meli ya mizigo aliripoti kitu kikubwa cheusi, kikipanda na kushuka peke yake kwenye maji yaliyotulia. Aligeuza meli akitazame vizuri. Alipofika, hakukuta kitu.

Tangu hapo boti hutoka bandarini polepole, na mbele huwekwa mtu wa kuangalia.