Mlango wa Karakana

Siku ya kwanza ya kazi mdogo wangu alirudi saa sita mchana, nguo safi, hana hata chembe ya vumbi la mbao, nami nikampa vidonge vyake. Alikuwa ametolewa gerezani amalizie kifungo chake nje, kwa sharti moja: afanye kazi kwenye karakana ya fundi seremala. Asipoonekana kazini, anarudi ndani. Nilikuwa nimeshamzoea tena sebuleni kwangu, akikoroma kama jenereta, na sikuwa tayari kumpoteza mara ya pili.

Aliapa kwamba alikwenda. Nikamwambia mimi si mtoto wa jana.

Jioni akaja mama afisa wa uangalizi, anayewafuatilia waliotoka, pamoja na fundi mwenyewe. Fundi alisema hakuona mtu asubuhi nzima. Mdogo wangu akainamisha kichwa.

"Nilikuwa mlangoni," alisema. "Nilisubiri nifunguliwe."

"Ule mlango mbona hauna kufuli?" fundi akauliza. "Naurudishia tu kwa ajili ya kelele za msumeno. Unasukuma, unaingia."

Nikakumbuka kwamba hata nyumbani, tangu arudi, husimama mbele ya bafu mpaka nipite nimsukumie mlango, nami humtania kwamba siku hizi amekuwa bwana mkubwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama afisa alivua miwani, akaifuta taratibu. "Kosa ni letu," alisema. "Gerezani tulimfundisha useremala, ukimpa mbao anakutolea kabati. Lakini miaka yote hiyo, akigusa mlango anaadhibiwa." Akasema hatamripoti, na kwamba atakwenda kuwaombea wanaokaribia kutoka waanze kufungua wenyewe mlango wa karakana ya gerezani. Fundi, ambaye roho yake ni laini kuliko mikono yake, akaahidi kwamba kesho atauacha wazi.

"Usiuache," mama afisa alisema. "Aufungue yeye."

Asubuhi nilimfuata kwa mbali, mtu mzima mimi, najibanza nyuma ya nguzo ya umeme isiyonificha hata nusu. Alifika, akasimama. Msumeno ulikuwa ukilia ndani. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akageuka kutafuta wa kumruhusu, akaniona. Wanasema samaki mkunje angali mbichi; wangu alikunjwa akakaukia humo humo, na moyo uliniuma. Kichwa kilitaka kutikisika kumwitikia aingie. Lakini ningemwitikia, ningekuwa askari mwingine tu. Nikampa mgongo.

Nilipogeuka, hakuwepo. Alikuwa ameingia na kuuacha mlango wazi kabisa, kelele zote zimemwagika barabarani, kama mtu ambaye kwao hawakumfunza adabu. Nilisimama pale nikilia huku nacheka. Sijawahi kupenda utovu wa adabu kiasi kile.