Maji ya Gidioni

Elifuraha hakumwamini Gidioni hata chembe, na sababu alikuwa nayo. Walikuwa majirani kule Kirua Vunjo, vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, vimepakana, na asubuhi moja masale, ile mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka, yalikutwa yameingia ndani ya migomba ya Elifuraha. Masale hayana miguu, jamani! Kesi ilikuwa inangoja baraza la mangi, chifu wao. Elifuraha akifa kabla ya hapo, nani angeisimamia? Watoto wake walikuwa hata kamasi hawajajua kufuta.

Sasa ona mambo. Akaja Mwingereza mmoja wa kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na mnyapara wa wapagazi akawachukua wote wawili. Martha, mkewe Elifuraha, alimshika shati mlangoni.

"Huko juu mtu akianguka, nani anauliza? Usile wala usinywe cha mkono wake."

Walipofika kibanda cha bati chini ya Kibo, mawingu yakaufunika mlima. Mwingereza akagoma kuondoka bila picha. Akashinda hapo akinywa chai na kunawa uso kwa maji ambayo wapagazi waliyapandisha kichwani, mpaka yakaisha. Hana hata habari! Kesho yake mnyapara akawatuma Elifuraha na Gidioni washuke na madebe matupu hadi kijito cha mwisho, mbali, ng'ambo ya jangwa la mchanga na mawe. Wawili peke yao.

Katikati ya jangwa lile Gidioni akaacha njia, akaelekea kwenye majabali.

"Unanipeleka wapi?"

"Upepo huu, bwana. Kule tutajikinga kidogo."

Elifuraha akamfuata kwa mbali, maana peke yake asingefika. Kichwa kilimgonga, akatapika, miguu ikamwisha nguvu. Akaketi chini ya jabali akijua fika kwamba hapo hata apige yowe, ni kazi bure.

Gidioni akaja akasimama mbele yake, akachomoa kibuyu kidogo kiunoni.

"Kunywa."

Elifuraha akaitazama ile mikono. Uchaggani anayekupa mbege, pombe ya ndizi, huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Hata mlevi hasahau hilo. Gidioni hakuonja.

"Onja kwanza."

"Kunywa tu, Eli."

"Nimesema onja!"

Gidioni akatikisa kichwa, akageuza uso pembeni. Basi, ushahidi gani tena? Elifuraha akakipokea kibuyu, akakipindua, akamwaga kila kitu mchangani huku amemkazia macho.

"Haya! Sumu yako hiyo, muuaji mkubwa wee!"

Gidioni alipiga magoti pale palipolowa, na ndipo Elifuraha alipomwona vizuri: midomo imepasuka, damu imegandia pembeni.

"Lilikuwa funda moja," Gidioni alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Tangu jana sijanywa. Ningeonja, nisingeweza kuacha."

Aibu ikamshika Elifuraha mwili mzima. Masale kayasogeza huyu huyu, hilo bado alikuwa na hakika nalo, lakini alitamani ardhi immeze.

Gidioni alikuwa anachota mchanga uliolowa kwa vidole, anautia mdomoni na kuufyonza. Kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi.

"Njoo," akamwambia. "Upande huu bado kuna unyevu."