Ngozi ya Ndama Juu ya Karisimbi

Mwaka 1956 nilikuwa seremala katika karakana moja ya Goma, na jioni tatu kwa juma nilisoma shule ya jioni ya misioni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilijivunia vitu viwili, randa yangu na kamusi yangu ya Kifaransa, ambayo nilikuwa naisoma kwa utaratibu na nilikuwa nimefika herufi ya M.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Munyaneza. Alitoka milima ya Masisi, alikua nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na Goma alikuwa anauza maziwa kwa baiskeli. Mimi ndiye niliyemwingiza shule ya jioni. Baada ya majuma matatu, mimi pia ndiye niliyemtoa.

Mwezi wa tatu, mzungu mmoja aliyetoka kupanda Ruwenzori alileta karakanani mbao zake mbili ndefu, ncha zimekunjwa kwenda juu, moja imevunjika. Kamate, kijana wa Mutwanga aliyembebea mizigo, ndiye aliyetueleza kazi yake.

"Ni ski hiyo. Anaifunga ku miguu, anapanda nayo barafu, kisha anateremuka mbio."

"Uliona kwa macho yako?"

"Niliona kwa mbali. Sisi wabebaji tulibakia ku kibanda cha mwisho, tunapika viazi. Yeye alikuwa mudogo kule juu, kama inzi ku ukuta."

Ndani ya mfuko wa yule mzungu kulikuwa pia na vipande viwili vya ngozi yenye manyoya, virefu na vyembamba kama zile mbao. Kamate alijua kwamba vinavaliwa chini ya ski wakati wa kupanda, ili mtu asirudi nyuma. Zaidi ya hapo hakujua.

Nilitengeneza ule ubao uliovunjika, na kabla mwenyewe hajaja kuuchukua nilikuwa nimepima kila kitu. Halafu nilianza kutengeneza ski zangu. Nilipika ncha za mbao katika pipa la maji ya moto nikazikunja. Ngozi nilipata ya ndama, kwa mchinjaji. Nilipopitisha kiganja kutoka nyuma kwenda mbele, manyoya yalilala laini kabisa, kama ubao uliopigwa randa vizuri. Nikaona hiyo ndiyo njia: kitu kinachokwenda mbele kiwe laini kuelekea mbele. Nikaipigilia misumari midogo.

Munyaneza alipita na maziwa yake, akainama, akaangalia.

"Harelimana, umeiweka kinyume. Ng'ombe akipita mu majani, anatanguliza kichwa, manyoya inalala. Mukokote kwa mukia uone. Yote inasimama."

Wanafunzi wengine wanne walikuwapo, wamekuja kuona maajabu yangu. Nilijibu mbele yao: "Hii ni fizikia, si zizi. Ukijua kuandika jina lako bila kuruka herufi, utarudi kunifundisha."

Walicheka sana. Munyaneza alicheka kidogo naye, akapanda baiskeli. Jioni ile hakuja shuleni, wala zilizofuata. Maziwa aliendelea kuniletea. Salamu aliitikia. Nilipomwuliza kuhusu masomo, alisema baiskeli inamchosha.

Mwezi wa nne karakana ilinituma kutengeneza mlango wa kibanda cha Rukumi, kwenye ubavu wa Karisimbi, pamoja na ruhusa ya kuchukua wabebaji wawili. Ni majira ya mvua kubwa, na asubuhi nyingi tuliona kutoka Goma kilele kimekuwa cheupe. Niliwachukua Kamate, aliyekuwa bado Goma akitafuta kazi, na Munyaneza. Darasa zima niliwatangazia kwamba nitateremka Karisimbi juu ya mbao zangu. Ambalo sikulitangaza ni kwamba nilitaka Munyaneza arudi shuleni, na sikujua namna ya kumwomba bila kutaja lile neno langu.

Tulipanda siku mbili katika matope. Mlango niliumaliza mchana wa siku ya tatu. Usiku mvua ya mawe ilipiga bati, kisha kimya, na alfajiri nje kulikuwa kweupe. Tulipanda tena kwa saa tatu mpaka kwenye mteremko ulio chini ya kilele, tukitafuta pumzi. Theluji ilifika kwenye kifundo cha mguu. Huko chini ziwa lilionekana kama kipande cha kioo, na nyumba za Goma hazikuonekana kabisa.

Nilivaa viatu vyangu vya kijeshi vilivyonunuliwa mitumba, nikafunga mikanda. Nikapiga hatua moja kupanda, nikarudi nyuma hatua mbili. Nikajaribu tena. Safari hii nilirudi mpaka kwenye jiwe, nikakaa chini bila kupenda.

"Mesie Harelimana," alisema Kamate, "mzungu wangu alikuwa anaenda upande ule mwingine."

"Mikanda imelegea," nilisema.

Nilikaza mikanda. Nikarudi nyuma. Nikasema mbao ni nzito. Nikasema theluji hii si ile ya Ruwenzori. Jua lilikuwa limetoka, na kwenye kingo majani yalianza kuchomoza.

Munyaneza alikuwa amesimama mikono kwapani, anaangalia mawingu. Nilingoja aseme. Angesema, ningejua namna ya kujibu. Lakini hakusema neno, na nikaona kwamba ataweza kunyamaza hivyo mpaka Goma, na baada ya Goma, ataendelea kuniletea maziwa na kuitikia salamu.

Nilivua ski nikazigeuza chini juu.

"Nimeweka kinyume," nilisema. "Uliniambia. Nikakutukana mbele ya watu, na ulikuwa unasema kweli."

Alipitisha kidole juu ya manyoya yaliyolowa.

"Ndama huyu alikuwa mugonjwa," alisema. "Leta koleo."

Alinishikia ubao, nikang'oa misumari mmoja mmoja. Vidole vilikufa ganzi. Tuligeuza ngozi, tukaipigilia tena kwa jiwe, Kamate akitusimamia kama bwana wa karakana. Kazi ile ilichukua muda mrefu, na jua halikutungoja.

"Vaa wewe kwanza," nilimwambia Munyaneza.

"Ni zako."

"Vaa."

Alipanda. Hakurudi nyuma hata kidole kimoja. Alifika juu ya mteremko, akageuka, akasita, kisha akaja. Ngozi ilimzuia kidogo, kwa hiyo hakuja mbio. Alikuja amenyooka, fimbo begani, kama mtu anayerudisha ng'ombe nyumbani, mpaka karibu nasi, akaanguka ubavu. Baadaye tu tulielewa kwamba wazungu wenyewe huvua ile ngozi kabla ya kuteremka. Kamate alikuwa wa pili. Aliteremka akiwa amekaa chini karibu njia yote na kusema hivyo ndivyo alivyopanga.

Zamu yangu ilipofika palibaki vipande vyeupe katikati ya majani na mawe. Nilifunga mikanda, nikaangalia, nikafungua.

Katika kuteremka nilitembea nyuma ya Munyaneza muda mrefu kabla ya kumwomba. Alijibu bila kugeuka.

"Nitarudi. Ila nikisoma, ufunge kinywa mpaka nimalize, hata nikiruka herufi."

"Hata ukiruka herufi."

Jumatatu, darasani, mwalimu aliniuliza mbele ya wote kama niliteremka Karisimbi.

"Hapana," nilisema. "Munyaneza ndiye aliyeteremka. Mimi niliweka ngozi kinyume."

Walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa changu. Mwalimu alitaka kujua kinyume vipi, akamnyooshea Munyaneza chaki. Aliikamata kama mtu anayeshika kitu cha mwenzake, akaenda ubaoni. Hakuchora ski. Alichora kwanza ng'ombe, polepole, pembe ndefu, na kichwa akakielekeza mlangoni, ili kila mtu aone anakokwenda. Nilijua maneno matatu ya fizikia yaliyofaa pale. Nilifunga kinywa.