Rimu ya Nyuma

Kabla ya mahakama kulikuwa na visu vya muuza nyama, na muuza nyama hakuwa mtu wa kusubiri. Mke wa Makali aliisimamisha baiskeli kwenye stendi yake nyuma ya bucha, akapanda kwenye siti, akaanza kupiga pedali. Gurudumu la nyuma likazunguka hewani, mkanda ukavuta jiwe lililofungwa mbele kwenye usukani, na kisu cha kwanza kikaanza kulia. Alikuwa amevaa gauni alilovaa msibani, maana ndilo pekee linalofaa kusimama nalo mbele ya hakimu, na juu yake amejifunga gunia ili cheche zisilitoboe.

Muuza nyama alilalamikia bei ya ng'ombe, kisha bei ya umeme, kisha bei ya mifuko ya kufungia nyama. Mke wa Makali alijua safari hiyo inaishia kwenye kuomba apunguziwe bei ya kunoa, kwa hiyo alimwahi akamwambia kwamba hata mawe ya kunolea yamepanda.

"Kila kitu kimepanda isipokuwa sisi," alisema muuza nyama, akacheka peke yake. Halafu akakumbuka siku yenyewe ni siku gani, akamtakia heri huko aendako.

Makali lilikuwa jina la mtaani la mumewe. Alinoa visu, mikasi, mapanga na misumeno ya nusu ya mji, na watu walikuwa wamesahau jina alilopewa na wazazi wake. Asubuhi moja, mwaka jana, akiwa njiani kwenda kwa wateja, gari dogo lilimgonga kwenye barabara ya maghala, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Hakukuwa na mtu aliyeona. Dereva aliwaambia polisi kwamba mwendesha baiskeli alitoka pembeni akakata ghafla mbele ya gari. Maiti haina mdomo, basi maneno ya dereva ndiyo yaliyoandikwa, ndiyo yaliyosambaa, na ndiyo yaliyofika mpaka kwenye nyumba ya kupanga walikoishi. Wapangaji walileta rambirambi, wakapika, wakalia, kisha wakaanza kusema taratibu kwamba marehemu naye alikuwa na haraka zake.

Maneno hayo yalimwumiza mama yake Makali kuliko hata jeneza. Bibi huyo, mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima, alizoea kukaa uani na wenzake kila alasiri. Sasa alijifungia chumbani. Alimwambia mkwewe kwamba hatatoka kukaa na watu wanaomwona mwanawe ni mjinga aliyejiua mwenyewe. Mahakama itasema, na ikishasema, watu watanyamaza.

Hicho ndicho mke wa Makali alichokuwa akikifuata mahakamani. Hakutaka dereva aozee gerezani. Hakujua hata angefaidika nini. Alitaka mtu mmoja mwenye joho aseme kwa sauti kwamba mume wake hakuwa na kosa.

Kesi ilikuwa imeahirishwa mara nyingi. Mara hakimu yuko kwenye semina, mara wakili wa dereva anaumwa, mara jalada halionekani. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Makali, aliyenoa misumeno maisha yake yote, angewaambia kwamba msumeno usionolewa haukati popote, unaparuza tu, na anayeparuzwa ni yule aliye karibu.

Safari hii koplo aliyepeleleza kesi alikuwa amempigia simu: alete na baiskeli, ni kielelezo. Jana yake jioni aliiosha. Alisugua kutu kwenye fremu, akatia mafuta mnyororo, akafuta jiwe kwa kitambaa. Hakutaka mali ya mumewe iingie mahakamani ikiwa chafu, watu wakadhani ilikuwa ya mtu ovyo.

Pale getini mlinzi alimzuia, baiskeli haziruhusiwi. Akaeleza kwamba hii ni kielelezo. Mlinzi akasema kielelezo huletwa na polisi, hakiji chenyewe kikisukumwa na mwanamke. Walibishana mpaka koplo akatokea, amebana jalada kwapani, anatabasamu. Alipoiona baiskeli tabasamu likamtoka.

"Shemeji," alisema polepole. "Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo yenyewe."

"Gurudumu la nyuma liko wapi?"

"Si hilo hapo."

"Lile la zamani, shemeji. Lile lililokunjika."

Mke wa Makali alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa.

Wiki moja baada ya maziko koplo huyu huyu ndiye aliyemwita aje kuichukua baiskeli. Uwanja wa kituo umejaa, alisema, mvua inanyesha, na kuna watu wanaiba vipuri. Aitunze nyumbani na ailete siku ya kesi. Alimshukuru, na hata leo hakuweza kusema ule haukuwa wema. Gari lililomgonga mumewe lilikuwa limeshaondoka kituoni tangu siku ya pili, kwa kuwa dereva alilihitaji kwa kazi. Kwani baiskeli haikuwa ya kazi? Bila gurudumu la nyuma jiwe halizunguki, na jiwe lisipozunguka watoto hawali. Shemeji yake, mdogo wake Makali, alikuwa fundi baiskeli. Aliigeuza baiskeli juu chini, akaangalia rimu ya nyuma ilivyokunjwa kwenda mbele mpaka ikagusa pedali, akasema, "Kaka kapigwa kwa nyuma. Hakugeuka popote." Wakalia wote wawili pale kibandani kwake. Kisha akanyoosha fremu na kufunga gurudumu jipya kwa pesa yake, na rimu ile ikaenda na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nani angeitunza? Ilikuwa ikiwatazama kila walipofungua mlango.

"Mbona hukuniambia isiguswe?" alimuuliza koplo.

Koplo aliangalia chini. Alisema alidhani mjane anajua. Halafu akasema twende tu, labda hawatauliza.

Waliuliza. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni haizunguki, na baiskeli iliegemezwa kwenye meza ya karani ikinuka mafuta. Mwendesha mashtaka alisoma ripoti ya daktari, iliyosema Makali alikufa kwa jeraha la kichwa, na ripoti ya mkaguzi wa magari, iliyoeleza breki, taa na matairi ya gari kwa ukurasa mzima, na baiskeli kwa neno moja: imeharibika. Dereva alikaa kizimbani na shati la mikono mirefu. Alikuwa mtu wa ofisini, mpole, aina ya watu wanaoamkia kila mtu wanapoingia mahali. Mke wa Makali alikuwa amejiandaa kumchukia na ilikuwa kazi ngumu.

Wakili wa dereva hakupandisha sauti hata mara moja. Alimwita mke wa Makali "mama", akampa pole, kisha akamwuliza kama gurudumu lile la nyuma ndilo lililokuwepo siku ya ajali.

Angeweza kusema ndiyo. Wazo lilimpitia. Lakini alikuwa ameapa, na tena gurudumu lilikuwa linang'aa.

"Hapana," alisema. "Tulibadilisha."

"La zamani liko wapi?"

"Tuliliuza chakavu. Lakini lilikuwa limekunjwa kutoka nyuma, hata shemeji yangu aliona, alisema..."

Hakimu, mama mmoja aliyevaa miwani mizito, alimwambia kwa upole ajibu alichoulizwa tu. Shemeji hakuwa kwenye orodha ya mashahidi.

"Kwa hiyo," alisema wakili, "leo hatuna namna ya kujua marehemu aligongwa kutoka upande gani."

Hilo halikuwa swali, na mke wa Makali alijua kwamba alitakiwa kushuka. Hakushuka.

"Na gari je?" alisema. "Gari nalo lilibonyea. Nalo limetengenezwa, limepakwa rangi, nimeliona hapo nje. Mbona lenyewe haliulizwi?"

Watu wa kwenye mabenchi walinong'ona. Hakimu aliinua kichwa, akamgeukia koplo, akauliza zilipo picha za gari. Koplo alisema alipiga kwa simu yake, na simu iliharibika. Picha za baiskeli? Nazo zilikuwa humo humo. Mchoro wa eneo la ajali? Ulichorwa siku mbili baadaye, kwa maelezo ya mshtakiwa, kwa kuwa siku ya tukio kituo hakikuwa na mafuta ya gari. Mtu alicheka nyuma. Hakimu hakucheka, alivua miwani, akafumba macho kidogo, akaandika.

Alirudi na uamuzi baada ya chakula cha mchana. Aliusoma haraka, kama mtu anayemeza dawa. Alisema polisi wamefanya kazi ya aibu. Alisema mahakama inampa pole mjane. Lakini faida ya shaka yoyote sheria humpa mshtakiwa, na hapa kilicholetwa mbele yake ni shaka tupu. Kwa shtaka la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa uzembe, mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Kwa shtaka la pili, la kuendesha gari kwa leseni iliyokwisha muda, amekiri mwenyewe na atalipa faini.

Nani alikuwa na kosa, hakimu hakusema. Mke wa Makali alisubiri, akidhani sentensi hiyo inakuja, mpaka karani alipoita kesi ya mtu mwingine, ya wizi wa kuku, na yeye akaambiwa apishe.

Alimkuta dereva kwenye korido, mbele ya dirisha la kulipia faini. Koplo alikuwa karibu, ameishika baiskeli, ana haraka ya kumkabidhi. Dereva alipomwona alitoka kwenye foleni. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na alionekana kama mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanauma.

"Pole, mama," alisema.

Watu wengi walikuwa wamempa pole siku ile na hakuna iliyomfaa. Alimuuliza jambo moja tu. "Ulimwona?"

Dereva aliitazama baiskeli.

"Alikuwa pembeni," alisema. "Pembeni kabisa. Hakukata popote. Mimi nilikuwa naangalia simu, nainua macho hivi, yuko kwenye kioo." Alijifuta uso. "Nilitaka kusema. Wakili aliniambia ninyamaze, mimi nina watoto."

"Nami ninao," alisema mke wa Makali. Kisha akamgeukia koplo. "Umesikia?"

Koplo alitazama ukutani, palipobandikwa tangazo la kukataza rushwa.

"Kesi imekwisha, shemeji," alisema. "Hata nikisikia, nisikie niipeleke wapi?"

"Rudi ndani," mke wa Makali alimwambia dereva. "Hakimu bado yupo. Rudi ukamwambie hivyo hivyo ulivyoniambia."

Dereva aliutazama mlango wa mahakama. Kwa kitambo kidogo, mke wa Makali aliamini kwamba atakwenda. Karani wa faini kule dirishani akaita anayefuata, na dereva akarudi kwenye foleni, akainamisha kichwa, akaanza kutafuta pochi. Mke wa Makali alichukua baiskeli akaondoka, na alilia njia nzima bila kujificha, akiisukuma baiskeli pembeni kabisa mwa barabara.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kitambaa kichwani tangu asubuhi. Hakuuliza hali wala hakuuliza njaa.

"Wamesemaje?"

Mke wa Makali alikuwa ameipanga habari yote njiani, kuanzia rimu, na sasa haikutoka. Akasema lile jema peke yake.

"Amesema mwenyewe, mama. Amesema mwanao alikuwa pembeni kabisa. Hakukata popote. Yeye alikuwa anaangalia simu."

Bibi alifunga macho. "Kasema mbele ya hakimu?"

"Kasema mbele ya watu. Na polisi alikuwepo."

"Basi wamemfunga."

"Hapana, mama. Kalipa faini ya leseni, kaenda zake."

Bibi alifungua macho, akamtazama mkwewe kwa muda mrefu. Alikuwa mzee lakini hakuwa mjinga, na hakuna aliyewahi kumdanganya hadi mwisho. Mke wa Makali akapiga magoti akamweleza yote: gurudumu, chakavu, mchoro, dirisha la faini. Akaomba msamaha kwa ile rimu. Akaomba tena.

"Wewe ulikuwa unalisha wajukuu wangu," alisema bibi. "Usiniombe mimi msamaha. Nipe fimbo."

"Unakwenda wapi, mama?"

Bibi aliinuka kwa shida, nyonga ikilia, akausukuma mlango. Uani wapangaji walikuwa wakifua na kuchambua mboga, na maongezi yao yakakatika walipomwona, kwa kuwa walikuwa hawajamwona pale tangu msiba. Alikwenda mpaka katikati ya ua, pale bombani, akasimama.

"Mwanangu alikuwa pembeni," alisema. Hakupaza sauti. "Hakukata njia. Aligongwa kwa nyuma na mtu aliyekuwa akichezea simu."

Jirani wa chumba cha pili, mwanamke aliyezoea kusema kwamba marehemu alikuwa na haraka zake, akafuta povu mikononi, akauliza kwa sauti ya heshima, "Mahakama ndiyo imesema hivyo, bibi?"

"Mahakama haikusema kitu," alisema bibi. "Kasema aliyemuua."