Chumvi Iliyoshika Kioo

Jumatano ya mwisho ya Mei 1975, asubuhi, magunia ya mahindi yalikuwa nje ya ghala la kijiji, kando ya barabara ya Sumbawanga kwenda Matai, na mlango wa ghala ulikuwa umefungwa. Ufunguo alikuwa nao Kalista, mtunza ghala. Mgeni kutoka wilayani alitarajiwa Ijumaa kuona ghala limejaa. Kwa ajili hiyo mahindi ya shamba la ujamaa yalivunwa kabla hayajakauka.

Wanawake walioyabeba magunia walikuwa wameyakalia.

"Kalista, fungua," alisema Bertilla. "Shingo yangu haisubiri kikao."

"Yana maji."

"Hata mimi nina maji. Niingize mimi basi, nikalale."

Kalista hakucheka. Hicho kilikuwa chakula cha kijiji hadi mavuno mengine. Kikifungiwa kibichi kingevunda.

Mwenyekiti wa kijiji alifika. Aliitwa Adolfu, mwalimu mstaafu, na ndiye aliyemfundisha Kalista darasa la kwanza na la pili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hamjaingiza?"

Kalista alimwonyesha chupa. Alikuwa ametia mahindi na chumvi, akaitikisa, na chumvi ilikuwa imeshika kioo. Mahindi yakiwa makavu haishiki. Adolfu ndiye aliyewafundisha jambo hilo, kwa mahindi ya shamba la shule.

"Chumvi uliikaanga kwanza?"

"Niliikaanga."

"Na chupa?"

"Niliianika jana."

"Ulichota gunia la juu tu."

"La juu, la kati na la chini."

Adolfu hakuridhika. Aliagiza chumvi kwake, akaikaanga mwenyewe, akachota mahindi kwenye gunia alilokalia Bertilla. Alitikisa chupa, akaiweka chini, akangoja. Chumvi ilishika.

Aliketi kizingitini.

"Unajua Ijumaa watasema nini?"

"Najua, mwalimu."

"Watasema kijiji changu kimelala. Na mimi nimechoka kusimama mbele ya watu nijieleze."

Kalista alivua ufunguo shingoni, akamwekea kiganjani. "Mwenyekiti ni wewe. Mimi nimeshasema nilichokiona."

Adolfu aliugeuza ufunguo kiganjani, kisha akamrudishia.

"Tandikeni mikeka," aliwaambia wanawake.

"Tuyamwage yote?" Bertilla aliuliza.

"Yote."

"Mwalimu, bora ungetuchapa."

Ijumaa mgeni alikuta ghala tupu na mahindi juani. Adolfu alianza kumweleza habari ya chupa.

"Mzee," mgeni alimkatiza, "mimi nimetumwa kuangalia ghala."

Aliondoka bila kula.

Mahindi yaliingizwa ghalani yalipokauka, katikati ya Juni. Jumapili iliyofuata, kwa agizo la wilaya, mkutano wa kijiji ulichagua mwenyekiti mwingine. Adolfu alihudhuria, na kura zilipopigwa alinyoosha mkono pamoja na wengine.