Bawa la Nyumba Moja

Msanifu wa mabawa alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akafungua kitambaa cha kichwa, na upepo ukamtoka kwenye nywele ukaenda kupeperusha pazia la jikoni. Mumewe, aliyekuwa anamenya viazi, aliwahi kushika bakuli. Akamwambia mkewe pole na kazi, chai iko kwenye chupa.

Upepo wenyewe ulitoka kwenye chumba cha majaribio, ambako feni kubwa kuliko mlango wa gereji huvuma juu ya gari la mashindano ili wasanifu waone hewa inavyopita. Wengi hudhani bawa la gari ni la kulirusha. Wapi! Ni la kuligandamiza chini, lisije likapaa kwenye kona. Msimu mpya ulikuwa unanukia, na timu zote zilikuwa zimechonga mabawa mapana, yamenyooka, hayana mvuto. La kwake lilikunja kingo juu, mfano wa mdomo wa birika. Bosi alishamwahidi kwamba siku ya uzinduzi, asipotokea mwingine mwenye bawa hilo, yeye ndiye msanifu mkuu. Cheo hicho alikitaka kufa na kupona.

Shida ni kwamba mumewe alikuwa msanifu wa timu pinzani. Walikuwa wameapa kwamba kazi haizungumzwi nyumbani, na kiapo walikitunza. Waliongea habari za bomba linalovuja na za shangazi yake mume, aliyeolewa tena uzeeni na sasa hapokei simu. Lakini upepo haukuwa umeapa. Ulitoka kwa mke, ukazunguka meza, ukajibanza kwenye ndevu za mume, na asubuhi ukaenda naye kazini. Huko ukajimwaga kwenye chumba chao cha majaribio, ukaanza kukunja kingo kwa mazoea, wakati bawa lenyewe halijafungwa. Mafundi waliona moshi wa majaribio unachora mdomo wa birika hewani, wakachonga walichokiona.

Mume alirudi nyumbani kanywea.

"Mke wangu, bawa lako lina kingo zilizokunjwa?"

"Nani kakwambia?"

"Ndevu."

Mke alicheka mpaka akakaa chini, akalia kidogo, kisha akachukua wembe akamnyoa. Upepo ukahamia kwenye nyusi. Basi ikawa raha na karaha humo ndani. Mito ya kochi ilielea, shuka za jirani ziliingia dirishani, jirani akaja kuzichukua kwenye dari akashukuru. Mama mkwe alipokuja kuwajulia hali aliombwa ashike meza, akaishika kwa mkono mmoja na kuendelea kumsema yule shangazi. Mke na mume walifukuzana sebuleni na mataulo, nyayo hazigusi sakafu, wakicheka hadi mbavu zikauma. Lakini kila asubuhi upepo ulikwenda na mume.

Siku ya uzinduzi magari mawili yalifunuliwa, pacha kabisa. Mume hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya wote akasema bawa ni la mke wake. Watu wakampigia makofi, wakasema kweli huyu bwana anampenda mkewe.

Mkaguzi wa mashindano alitumwa nyumbani kwao kuchunguza bawa ni la nani. Habari ya upepo kukaa kwenye nyusi hakuibishia. Aliuliza tu ni nyusi zote mbili au moja. Akawakalisha wakitazamana, akaning'iniza uzi katikati yao. Uzi ukanyanyuka, ukalala hewani moja kwa moja kutoka kwa mke kuelekea kwa mume. Mke aliuona akasikia moyo unapaa. Alimshika mumewe mkono, na wote wawili wakaanza kucheka tena, kicheko cha watu waliopona.

"Umeona mwenyewe," akasema mume. "Umetoka kwake, umekuja kwangu."

"Nimeuona," akasema mkaguzi, akiukunja uzi wake taratibu. "Ulikuwa unarudi kwa mwenyewe."

Akanywa chai aliyokaribishwa, kikombe amekishika kwa mikono miwili kisipeperuke, akaaga kwa heshima. Wiki hiyohiyo mume akatangazwa msanifu mkuu wa timu yake.